Biskuti za Vidole na Meza ya Halloween: Tuwape Nini Watoto Wetu?



Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wazazi wenzangu wa Busia, Malaba na Tororo, pande zote mbili za mpaka, na nyinyi vijana wetu mlio shuleni na vyuoni, leo nataka tuzungumzie jambo linaloonekana dogo. Ni vitafunio tu. Lakini ndani yake mna maswali ya malezi, ya dini na ya usalama wa watoto wetu.

Kila mwaka Oktoba inapokaribia kwisha, simu hujaa picha za vyakula vya kutisha. Utaona soseji zilizoviringwa vipande vya unga mpaka zikafanana na maiti aliyefungwa sanda. Utaona biskuti zilizofinyangwa kama vidole vya mtu, na lozi imebandikwa mwishoni iwe ukucha. Utaona mayai ya kuchemsha yaliyopambwa yawe macho, peremende laini zenye umbo la minyoo, na sharubati nyekundu inayoitwa damu. Hivi ndivyo vitafunio vya Halloween, sherehe ya usiku wa tarehe 31 Oktoba. Wako watoto wetu wenye binamu zao Nairobi na Kampala, ambako kumbi za starehe na baadhi ya shule huandaa sherehe hizi. Wako wenye shangazi Uingereza au Marekani anayewatumia picha. Kisha mtoto anaingia jikoni na kuuliza: "Mama, na sisi tutatengeneza lini?"

Wazazi wengi hujibu kwa neno moja: "Haramu!" Mazungumzo yanaishia hapo, mtoto anatoka jikoni amenuna, na kesho anakwenda kuangalia kwa jirani. Wengine husema: "Ah, ni keki tu, mwache afurahi." Mimi naona majibu yote mawili yana upungufu. Maoni yangu ni haya: familia ya Kiislamu ya hapa kwetu isiandae meza ya Halloween, na tunazo sababu nzito kuliko hata wenzetu wa nchi nyingine. Lakini pia mtoto asiondolewe jikoni mikono mitupu. Alichokitaka hasa ni kukanda unga, kukata maumbo, kucheka na wenzake na kula kitu kitamu. Hayo yote tunayo ya kumpa.

Sherehe hii ilitoka wapi?

Tuseme kwa ufupi. Asili yake inarudishwa kwa watu wa kale wa Ireland na maeneo ya jirani, waliokuwa na sikukuu iitwayo Samhain mwishoni mwa mavuno, baridi ilipoanza kuingia. Waliamini kwamba usiku ule pazia baina ya walio hai na wafu huwa jembamba. Baadaye Wakristo wa Ulaya waliiweka tarehe 1 Novemba kuwa siku ya watakatifu wote, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa siku hiyo. Huko Uingereza maskini walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo, na wao huwaombea wafu wa nyumba ile. Wairlandi walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, na walipohamia Marekani wakakuta maboga makubwa, wakayachonga hayo. Katika karne ya 20 wenye viwanda vya peremende waliona soko, na mikate ya kuombea wafu ikageuka mifuko ya peremende.

Kwa hiyo anayesema sherehe hii haina uhusiano wowote na imani hajaitazama asili yake. Na anayesema kila mtoto wa Marekani anayevaa kinyago anaabudu mashetani naye amezidisha. Walio wengi leo wanacheza tu. Tuseme ukweli kwa pande zote, maana mtoto akigundua tumemdanganya kwa moja hatatuamini kwa jingine.

Kwa nini kwetu mzaha huu si mzaha

Mtoto wa mji mkubwa wa Ulaya anacheza na mizimwi kwa sababu hakuna mtu mtaani kwao anayeiogopa kweli. Je, ndivyo ilivyo hapa kwetu?

Sote tunawajua wale tunaowaita wanga kwa Kiswahili, watu wanaosemekana kuzunguka uchi usiku, kutikisa milango na kurusha mchanga juu ya mabati. Waganda huwaita basezi, na husemwa kwamba wanafukua makaburi. Waluo huwaita jajuok. Kutoka Samia mpaka vijiji vya Tororo, hadithi hizi si za kuchekesha wageni. Watu wazima wenye elimu zao hufunga milango mapema kwa ajili yake.

Na hofu hii imemwaga damu. Mwezi Mei 2008, katika eneo la Kisii, umati uliwachoma watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko huko Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Upande wa Uganda, mauaji ya watoto kwa ajili ya kafara za waganga yalifikia kiasi cha Bunge kupitisha sheria maalumu dhidi ya kafara za binadamu mwaka 2021. Sheria za uchawi ziko nchi zote mbili tangu ukoloni, ya Kenya tangu 1925 na ya Uganda tangu 1957, na bado mtu akipigiwa kelele za "mchawi" usiku hakuna anayesubiri sheria.

Sasa chukua kijana wa miaka 13. Mpake unga usoni, mvishe shuka jeupe na kinyago kilichotoka kwenye robota la mitumba, umtume saa mbili usiku akagonge milango ya watu. Huko Marekani atapewa peremende. Hapa kwetu, kwenye njia inayopita kati ya mashamba ya mihogo, pasipo taa, atapewa nini? Ndugu zangu, tusisubiri lije lifike kwetu ndipo tuseme tulijua.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha adabu ya jioni ambayo leo tunaiona faida yake. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ametuagiza tuwazuie watoto ndani giza linapoingia, kwa kuwa ndio wakati mashetani wanapoenea, na tufunge milango kwa jina la Allah, na tufunike vyombo vyetu. Angalia jinsi agizo moja lilivyokusanya watoto, milango na chakula. Sherehe hii inataka kinyume chake: watoto watoke, milango ifunguliwe, na chakula kiandaliwe kwa jina la mizimwi.

Vile vile amepokea Abu Daud kisa cha maswahaba waliokuwa safarini. Mmoja wao alilala, mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo, yule aliyelala akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ilikuwa kamba tu, na ilikuwa mzaha.

Vidole, mifupa na heshima ya maiti

Kuna jambo jingine wazazi wengi hawalifikirii. Majirani zetu wengi, Waluhya, Wateso, Wajopadhola na Waluo, huzika nyumbani. Kaburi la nyanya liko hatua chache kutoka jikoni. Watoto wanalipita wakienda kuteka maji. Mtoto anayekula "kidole cha maiti" akicheka, huku jirani yake amemzika baba juzi, tunamfundisha nini kuhusu huzuni ya watu?

Katika dini yetu maiti ana heshima. Tumefundishwa kwamba kuvunja mfupa wa aliyekufa ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Tunamuosha, tunamsitiri, tunamsalia, na hatukalii kaburi lake. Sanda ambayo kwenye picha zile imekuwa vipande vya unga vya kuviringia soseji ni vazi ambalo mimi na wewe tutavishwa. Sisemi kwamba unga ukifinyangwa kwa umbo la kidole unageuka najisi. Unga ni unga. Nasema kwamba moyo wa mtoto hufinyangwa pia, na samaki mkunje angali mbichi. Ukimzoesha kuona mwili wa mwanadamu kuwa kichekesho cha mezani, itakuwia vigumu kumfundisha baadaye kusimama kwa adabu jeneza linapopita.

Tazama pia ndani ya pakiti

Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 168, inatuamrisha tule kilicho halali na kizuri. Tusitosheke na nusu ya kwanza tukasahau ya pili. Hapa mpakani bidhaa hupita kila saa, na peremende za rangi rangi huuzwa rejareja bila hata pakiti yake. Zingatieni haya, si Oktoba tu bali mwaka mzima:

1. Jelatini. Peremende laini za kuvutika, zile za umbo la minyoo na dubu, nyingi hutengenezwa kwa jelatini. Hii hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na aghalabu ni nguruwe. Kama pakiti haina alama ya halali ya shirika linalojulikana na imeandikwa "gelatin" bila kueleza asili yake, iache. Ziko zinazotengenezwa kwa jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria au kwa pektini ya matunda.

2. Rangi nyekundu ya namba E120. Hii hutolewa kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati. Wanazuoni wana kauli tofauti juu yake. Mwenye shaka na aache.

3. Soseji. Tusinunue soseji kwa sababu tu zimeandikwa ni za ng'ombe. Tuulize zimechinjwa wapi na nani.

4. Njugu karanga na unga. Jambo hili ndilo la kuogopwa kuliko mizimwi yote ya keki. Njugu na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi yote. Mwaka 2004 sumu hii katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na sote tunakumbuka malori yaliyokwama mpakani mpaka masharti yalipolegezwa. Kwa hiyo mama, chambua njugu zako. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupe. Usiifiche ndani ya kashata eti sukari itaifunika.

5. Kukabwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, peremende ngumu ya duara wala zabibu nzima. Vitu hivi huingia kwenye njia ya pumzi, na hospitali iko mbali.

Na yale maboga yanayochongwa sura, nyama yake ikatupwa, mshumaa ukawekwa ndani? Kwetu boga huchemshwa likaliwa na chai asubuhi, majani yake yakapikwa na njugu, mbegu zake zikakaangwa. Hakuna kinachotupwa. Suratul Israa, aya ya 27, imewaita wafujaji ndugu wa mashetani. Basi anayetupa boga zima ili apate sura ya shetani afikirie mara mbili.

Wanaosema "hata wenzetu wanafanya"

Vijana hunijibu kwamba hata Riyadh, Oktoba 2022, watu walivaa mavazi ya kutisha katika tamasha la mji. Ni kweli, picha zilienea dunia nzima. Lakini dini yetu hatuichukui kwenye matamasha, yawe ya Riyadh au ya Nairobi. Tena kijana wa Riyadh aliyevaa kinyago alirudi kwao kwa gari chini ya taa za barabarani. Wa kwetu atarudi kwa miguu gizani.

Wengine husema: "Kwani chapati si ya kigeni? Sambusa je? Mbona tunakula?" Swali zuri. Chapati na sambusa zilitufikia kwa wafanyabiashara na wahamiaji, na huku magharibi mwa Kenya njia mojawapo ilikuwa Mumias, ambako wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani walikaribishwa katika karne ya 19, na Uislamu ukaingia pamoja nao. Hakuna anayekataza chakula kwa sababu kimetoka mbali. Uislamu wenyewe ulitufikia kutoka mbali. Tunachokataa si pishi, ni sikukuu yenye maana yake na mzaha wenye madhara yake. Ukitaka kujifunza kupika biskuti za Ireland, karibu. Zipike siku yoyote, uzikate umbo la jani au la nyota.

Isitoshe, si Waislamu peke yetu. Wako Wakristo wengi hapa kwetu wasioitaka sherehe hii. Kwa hiyo tusiifanye iwe ugomvi wa dini na dini. Katika Busia nyumba moja ina Muislamu, Mkatoliki na Mwanglikana, wote watoto wa baba mmoja.

Mtume (s.a.w.) aliondoa na akaweka

Hapa ndipo nawaomba wazazi tutulie kidogo. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo. Hakuwaambia waache wakae kimya. Aliwaeleza kwamba Allah amewabadilishia siku mbili zilizo bora zaidi, Idi ya kuchinja na Idi ya kufungua. Aliondoa na akaweka.

Sisi tunaondoa tu. Tumewanyima watoto Halloween, tumewanyima na hili na lile, kisha Idi yenyewe ikifika tunaswali, tunakula pilau, na saa nane mchana mtoto hana la kufanya. Zanzibar watoto wana viwanja vya Idi. Jioni hujaa Mnazi Mmoja wakiwa na nguo mpya na pesa za sikukuu, wakanunua vitamu na michezo. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wao huongea Kiswahili, wana usiku wa katikati ya Ramadhani uitwao Qaranqasho, ambapo watoto huvaa mavazi yao ya kiasili na kupita kwa majirani wakiimba na kupewa njugu na peremende. Qatar huita Garangao. Wako masheikh wasioupendelea usiku huo kuutenga, na hilo waulizwe wao. Ninachotaka tuone ni kwamba jamii zile zimejishughulisha na furaha ya mtoto. Hazikumwachia mtengeneza peremende wa mbali.

Sisi wa Busia na Tororo tuna nini? Tuna kufunga shule, ambako kwa upande wa Kenya huangukia karibu na wakati huu huu. Tuna mtoto anayemaliza juzuu madrasa. Tuna akika. Tuna Idi mbili. Chagueni siku yenu, isiwe tarehe 31 Oktoba, ianze baada ya Adhuhuri na imalizike kabla ya Magharibi, na watoto wenyewe ndio wapishi. Sinia lao liwe hivi:

*Kabalagala za mwezi na nyota.* Chukua ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, kama 10, uziponde kwa mkono mpaka ziwe uji mzito bila kuongeza maji. Ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo huku ukikanda mpaka donge lisishike mikono, pamoja na chumvi kidogo. Sukuma unene wa kidole, kisha watoto wakate maumbo kwa mdomo wa kikombe. Ukikata duara halafu ukarudisha kikombe kando kidogo, unapata mwezi mwandamo. Kaanga kwa moto wa wastani, maana moto mkali huzichoma nje zikabaki mbichi ndani.

*Mandazi ya boga.* Unga wa ngano vikombe 4, boga lililochemshwa na kupondwa kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kutwanga, na maziwa ya vuguvugu ya kutosha kukandia. Acha uumuke saa moja. Yanatoka na rangi ya dhahabu bila rangi ya dukani. Na boga hatujalitupa.

*Kashata za njugu na za simsim.* Yeyusha sukari mpaka iwe rangi ya kahawia, changanya na njugu au simsim zilizokaangwa, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, ukate kabla haijaganda. Kazi ya sukari ya moto ni ya mtu mzima. Watoto wabaki na kuchambua njugu na kuzifunga kashata kwenye karatasi.

*Sharubati ya ukwaju.* Ukwaju unamea Teso na Tororo, na wazee huuweka kwenye uji wa wimbi. Loweka, chuja, tia sukari na tangawizi. Mtoto akitaka rangi nyekundu, muongezee tikiti maji. Ni nyekundu kuliko ile inayoitwa damu, na ina jina zuri zaidi.

Na kama mtoto anataka cha kushangaza, mkumbushe kumbikumbi. Huko kwingine wanatengeneza wadudu wa sukari ili watoto wapige kelele. Huku kwetu mvua ikinyesha watoto wa jirani huwakimbilia kumbikumbi kwa ndoo na kuwakaanga, na Novemba Waganda hula nsenene kwa furaha. Sisi Waislamu tunajua kwamba nzige ni halali kwa Hadithi, na kumbikumbi wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo muulizeni sheikh wenu. Lakini mtoto ajue kwamba kinachotisha meza ya mtu mmoja ni kitoweo cha mwingine, na hana haja ya kuwaonea aibu watu wa kwao.

Mwalimu akituma barua

Shule ikitangaza sherehe ya Halloween, tusiende kupiga kelele langoni. Mwalimu ni mlezi mwenzetu. Mpelekee ujumbe mapema, kwa mfano hivi:

"Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi unayofanya na watoto wetu. Katika nyumba yetu hatushiriki Halloween, kwa hiyo tunaomba mtoto asivishwe kinyago wala asipewe peremende zenye jelatini. Wiki inayofuata tutaleta sinia la mandazi na kashata ale na darasa lote."

Walimu wengi watakubali. Na lile sinia litasema mengi kuliko hotuba. Mtoto wako hatakuwa yule mnyonge asiyeruhusiwa kitu, bali yule ambaye mama yake alileta kashata.

Kwa nyinyi wanafunzi wa vyuo, mlio Mbale, Kampala, Eldoret au Nairobi, hamna mama wa kuwaandikia barua. Mkialikwa, shukuruni na mkatae kwa upole. Usimtukane mwenzako wa chumbani, usimwite kafiri kwa sababu ya kofia ya karatasi. Mwalike Ijumaa, mpikie. Na mkirudi likizo, msiwatishe wadogo zenu kwa vinyago na hadithi za wanga mkidhani ni utani. Mtoto anayeogopa giza leo ndiye mtu mzima atakayeamini kesho kwamba bibi kizee wa jirani ni mchawi. Mfundisheni Ayatul Kursi na sura mbili za mwisho za Qur'ani kabla ya kulala, ajue kwamba hakuna kinachomdhuru ila kwa idhini ya Allah.

Kwa kumalizia

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu tunao: ndizi, boga, simsim, ukwaju, na mikono ya mama zetu. Tusipoutandika wenyewe, watoto watakwenda kukaa kwenye msala wa wengine, na lawama haitakuwa yao peke yao.

Basi mtoto akija jikoni Oktoba hii kuuliza, mzazi mwenzangu, usimfukuze. Mwambie kwa nini hatufanyi, kwa maneno machache na ya kweli. Kisha mpe bakuli na ndizi, umwambie aanze kuponda.

Tunamuomba Allah atuhifadhie watoto wetu na shari ya usiku na shari ya watu, atujaalie riziki ya halali na iliyo nzuri, awape wazee wetu amani katika vijiji vyao, na azijaze nyumba zetu furaha isiyo na madhambi ndani yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.